Harufu Iliyosingiziwa Mursik

Harufu ilikuwa ya gesi. Ni vizuri ijulikane hivyo tangu sasa, maana watu wa ploti ya Bethwel, nje kidogo ya Kapkatet, waliinusa karibu wiki nzima na hakuna aliyeitaja kwa jina lake. Pua zao hazikuwa na kasoro yoyote. Walikuwa watu wenye adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyotaka kuwaunguza.

Mambo yalianza na Fancy. Huyu alikuwa binti wa pili wa Bethwel na mkewe Sally. Alifundisha chekechea upande wa Fort Ternan, na huko alipatana na kijana wa Mogogosiek aitwaye Kiplimo. Wazee walikuwa wameshapelekeana habari, na Jumamosi iliyokuwa ikija ilikuwa koito, siku ambayo upande wa kijana unafika kwa kina binti kuzungumza mahari, kula, na kunywa mursik.

Chakula cha koito kinaweza kuchelewa na watu wakasamehe. Wali unaweza kushika chini ya sufuria. Mursik haina msamaha. Haya ni maziwa yanayolazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa kaa la mti wa senetwet, yakatulia humo mpaka yakaganda na kushika rangi ya majivu, na kila mama ana mkono wake. Ukimwambia mama wa Kikipsigis kwamba watoto wake hawana sura, anaweza akacheka. Ukimwambia mursik yake inanuka, hata kama ni kweli, tafuta njia nyingine ya kupita kwenda sokoni, maana kwake hutapita tena.

Sally alikuwa na jina kwa mursik. Tena alikuwa na sharti alilofundishwa na mama yake: kibuyu cha wageni hufunguliwa mbele ya wageni. Hakionjwi, hakichunguliwi, hakitikiswi.

Shida ilikuwa baridi. Ulikuwa mwezi wa saba, ukungu unalala juu ya majani chai mpaka jua linapokaribia utosini, na maziwa yalikataa kuganda. Jikoni kwa Sally palikuwa padogo na vibuyu vya koito vilikuwa vingi.

"Baba Fancy," alisema, "nitafutie mahali penye joto. La sivyo hao watu wa Mogogosiek watakunywa maziwa ya chai."

Bethwel akafikiria stoo.

Ili kuielewa stoo hiyo, ni lazima kwanza kumwelewa Bethwel. Kwa miaka mingi alikuwa karani katika kituo cha kununulia majani chai, na kazi ile ilimzoeza kutomshuku mtu mpaka gunia lake lipande kwenye mizani. Alipostaafu alijenga vyumba vya kupangisha, mstari mmoja, kila chumba na jiko lake dogo. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mwenye ploti mwingine mtaani kwake aliyekuwa amelifanya: aliweka mtungi mmoja mkubwa wa gesi ndani ya stoo na kuupitishia bomba ukutani mpaka kwenye kila jiko. Mpangaji wake hakubeba mtungi mgongoni wala kupuliza makaa. Alizungusha kitufe tu, moto ukawaka. Bethwel alipenda kuwaonyesha watu kitufe hicho.

Fundi aliyefanya kazi hiyo aliitwa Bogonko. Alikuwa ametoboa matundu mawili mapana chini kabisa ya ukuta wa stoo, karibu na sakafu, akasema, "Mzee, hii gesi ikivuja haipandi juu kama moshi. Inatambaa chini kama maji. Hapa ndipo mlango wake wa kutokea. Usipazibe."

Bethwel aliitikia kwa kichwa, na alikuwa na nia njema kabisa wakati anaitikia.

Sasa, akitafuta joto la vibuyu, aliyaangalia yale matundu na akaona baridi tu ikiingia. Aliusukuma mtungi pembeni ili rafu ya vibuyu ipate nafasi. Ulikuwa mzito, akauvuta kwa kuuzungusha huku na huku, na mpira unaotoka kwenye kichwa chake ukanyooka kama kamba ya ng'ombe anayekataa kwenda. Kisha alichanganya simenti kidogo iliyobaki kwenye mfuko, akayaziba matundu yote mawili, na kuweka gunia chini ya mlango. Aliposimama na kupapasa hewa kwa kiganja, stoo ilikuwa na joto zuri. Alijisifu kwa sauti, ingawa hakukuwa na mtu wa kumsikia.

Siku iliyofuata harufu ikaanza.

Bethwel aliinusa alipopita kuchukua jembe. Ilikuwa kama yai bovu na kabichi iliyosahaulika, na ilitoka pale pale vibuyu vilipopangwa. Alisimama huku ameshika mpini. Wazo la kwanza likamjia na akalifukuza. Likarudi. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, mursik ya Sally ilikuwa imeharibika, tena mbele ya koito ya mtoto wao.

Angeanzaje kumwambia? Siku hizo Sally alikuwa anatembea kwa haraka, leso imefungwa kiunoni, anahesabu viti, anatuma watu, anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Bethwel aliamua kungoja. Pengine harufu ingeisha maziwa yakikomaa. Hakuwa na haraka ya kuhukumu hata kibuyu.

Jambo ambalo hakulijua ni kwamba Sally naye alikuwa ameinusa, akafikia wazo lile lile. Ndiyo maana alikuwa anaimba.

Chumba kilichopakana na stoo kilikuwa cha Bitutu, mama mmoja kutoka Kisii aliyeuza mandazi na chai karibu na stendi, na ambaye watu walimwita Mama Duke kwa jina la mwanawe. Katikati ya wiki alimkuta Bethwel akifagia njia ya wageni.

"Mzee, habari ya asubuhi."

"Nzuri, Mama Duke. Mandazi yameenda?"

"Yameenda. Lakini mzee, gesi yako imekuwa na kiburi. Moto unawaka mdogo mdogo, halafu mtungi ulijazwa juzi na tayari unataka kuisha. Uangalie ule mpira."

"Umechemsha maharagwe tena."

"Maharagwe gani? Nimechemsha chai ya watu! Na kitu kingine, mzee..." Alishusha sauti, akaelekeza stoo kwa midomo. "Huko ndani kuna kitu inanuka."

Bethwel aligeuka kumtafuta Sally kwa macho. Alikuwa mbali, kwenye kamba ya nguo.

"Mama Duke, tafadhali. Hilo jambo nalijua."

"Unalijua?"

"Nalijua. Tutalizungumza baada ya Jumamosi. Na mpira nitauangalia baada ya Jumamosi. Kwa sasa usimwambie mama chochote."

Bitutu alimtazama, akakumbuka vibuyu alivyoona vikiingizwa mle, na uso wake ukabadilika. Aliishi na Wakipsigis muda wa kutosha kujua mahali pa kunyamaza.

"Ooh," alisema polepole. "Pole sana, mzee. Sitasema."

Basi mtu mmoja aliyekuwa ameanza kusema jambo la maana akanyamazishwa, naye aliyemnyamazisha ndiye aliyepaswa kulishughulikia. Bethwel alirudi kufagia huku moyo umetulia.

Katika chumba cha mwisho aliishi Zack, kijana aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha chai na aliyependa muziki wenye besi. Yeye alianza kutoka nyumbani amevaa barakoa. Bethwel alipomuuliza kama ana mafua, Zack alikohoa kwa heshima, akasema, "Ni hewa tu, mzee. Iko sawa. Kila mtu na culture yake."

Jumamosi ikafika na jua, jambo ambalo wote walilichukua kama ishara njema. Uani palipangwa viti. Turubai lilifungwa upande wa shamba la chai. Wapangaji walikuwa wamekubali majiko yao yatumike, na kwa Bitutu chapati zilikuwa zinapinduliwa moja baada ya nyingine huku yeye akilalamika juu ya moto kana kwamba moto ni mtoto mvivu. Fancy alikuwa ndani anasukwa. Wageni walikuwa wamepiga simu: wameshatoka Mogogosiek, wako njiani.

Bethwel alivaa suti yake ya rangi ya udongo. Alijaribu kukaa, akashindwa. Wageni wangekaa, mzee wao angeinuka, kibuyu cha kwanza kingefunguliwa, na Sally angesimama hapo na kibuyu mkononi mbele ya nyuso zote zile. Hapo ndipo aliposhindwa kuvumilia. Kama ni mbaya, afadhali ajue yeye kwanza. Angeweza kutuma mtu kwa jirani kuomba vibuyu, akasema wamepewa zawadi, akasema lolote.

Aliangalia huku na huku, akaondoa lile gunia kwa mguu, akaingia stoo na kurudisha mlango nyuma yake. Hakuwasha taa. Aliogopa Sally angeona mwanga kwenye nyufa. Mungu anajua kwa nini humpa mtu woga wakati mwingine.

Ndani harufu ilimshika koo. Alichukua kibuyu cha kwanza, akanong'ona samahani kwa mama mkwe wake marehemu, akafungua kamba ya kifuniko na kuonja.

Akaonja tena.

Maziwa yalikuwa mazito, laini, yenye uchachu kidogo mwanzoni na moshi wa senetwet mwishoni. Akafungua kibuyu cha pili. Kilikuwa kizuri zaidi. Cha tatu alikinywa kwa muda mrefu kuliko mtu anayechunguza anavyohitaji kunywa.

Mlango ukafunguka. Bitutu alikuwa amesimama na bakuli la unga mkononi.

"Mzee! Umekuwa paka?"

"Shhh! Funga mlango. Hapana, uache wazi, siwezi kupumua."

"Una ndevu nyeupe, mzee. Jifute." Akaingia, akashika pua. "Nilikuwa natafuta sinia. Yaani wewe unaweza kunywa kitu inanuka namna hii?"

"Onja."

"Mimi? Hapana, mzee, mimi nakuheshimu lakini..."

"Mama Duke, onja tu."

Alifumba macho kama mtoto anayepewa dawa, akaonja. Akafumbua jicho moja. Kisha la pili.

"Lakini hii ni tamu!"

"Ni tamu."

"Tamu kabisa!"

"Vyote vitatu."

Wakatazamana. Bethwel aliweka kibuyu chini taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani mizani ilipokataa kukubaliana na macho yake. Kama maziwa ni mazuri, harufu si ya maziwa. Kama si ya maziwa, ni ya kitu kingine kilichomo humu. Humu mna rafu, jembe, na...

Aliinama. Kadiri pua yake ilivyokaribia sakafu, ndivyo harufu ilivyozidi kuwa kali. Kutoka pembeni, pale mpira ulipokuwa umenyooka, alisikia sauti ndogo, nyembamba, kama ya mtu anayewaambia wengine wanyamaze.

"Mama Duke," alisema, "chapati zako ziko kwenye moto?"

"Ziko... Mungu wangu. Gesi!"

Alitoka mbio, bakuli likaanguka, unga ukamfuata kama vumbi. Bethwel alifunga valvu ya mtungi, akaizungusha mpaka ikagoma, akasukuma mlango wote wazi na kutoka nje akihema.

Hapo akamwona Sally.

Alikuwa anakuja kutoka jikoni kwake, amebeba kigae cha chungu chenye makaa mekundu na vijiti vya senetwet vinavyofuka moshi mzuri. Alikuwa amevaa nguo yake ya koito. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelia kidogo na kunawa. Asubuhi hiyo alikuwa ameamua kuifukiza stoo, aiondoe ile harufu kabla wageni hawajafika, bila kumwambia mtu.

"Simama!" Bethwel alipiga kelele.

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumpigia kelele. Sally alisimama kwa mshangao tu.

"Usilete moto! Maziwa ni mazuri! Ni gesi!"

Katika maneno hayo yote Sally alisikia maneno matatu.

"Maziwa ni mazuri?" aliuliza. "Umejuaje?"

"Mama Fancy, rudi nyuma na huo moto!"

"Umejuaje, Bethwel?" Akapiga hatua mbele. "Umefungua vibuyu vyangu?"

"Nimefungua! Vitatu! Nichape baadaye! Rudi nyuma!" Alikuwa amepanua mikono kama mtu anayezuia ndama asitoroke zizini. "Stoo imejaa gesi! Peleka moto jikoni. Hapana! Usipeleke jikoni! Mwaga kwa ndoo! Hapo, ndoo ya kunawia!"

Sasa Sally alielewa. Aligeuka, akatumbukiza kigae chote kwenye ndoo, na makaa yakapiga kelele na kunyamaza. Mvuke ulimpanda usoni. Alibaki ameshika hewa.

"Zack!" Bethwel aliendelea, maana kijana alikuwa ametoka na waya wa spika, anatafuta mahali pa kuchomeka. "Usiguse swichi! Usiwashe kitu chochote! Watu wote watoke nje, twende kule kwenye chai!"

"Wacha niulize, mzee," Zack alisema akiwa tayari anakimbia, barakoa kidevuni. "Kwani ile harufu haikuwa mursik?"

"Haikuwa!"

"Na mimi wiki nzima nafunga pua nikisema nisidharau watu!"

Bitutu alitoka akimsukuma Duke mbele yake na chapati mbili mkononi, na Fancy akatoka na nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Walikusanyika kwenye ukingo wa shamba la chai, wakihesabiana. Wote walikuwapo. Upepo mwepesi ulipita uani, ukaingia stoo na kutoka, na harufu ikaanza kupungua kidogo kidogo.

Magari ya Mogogosiek yakakata kona na kuja kwenye lango.

"Baba Fancy," Sally alisema kwa haraka, akipangusa uso kwa leso, "waambie chakula kimechelewa. Waambie wakae nje kwa sababu ya jua. Usiseme gesi. Watasema binti yetu ametoka kwenye nyumba gani?"

Bethwel alilifikiria shauri hilo, na lilikuwa na uzito wake. Mwenyeji anayewazuia wakwe langoni siku ya koito ni jambo la kusimuliwa mpaka Bomet. Lakini wageni wangetaka kunawa, wangetaka choo, vijana wangewasha sigara nyuma ya nyumba. Alikwenda langoni na kusimama katikati ya njia, suti yake ikiwa na maziwa kwenye kola.

Aliyeshuka kwanza alikuwa Mzee Kipkurui, mjomba wa Kiplimo na msemaji wao, mtu mrefu mwenye kofia na fimbo ya heshima.

"Chamgei," alisalimu.

"Chamgei mising. Mzee, naomba msiingie kwanza."

Ndani ya gari la pili mtu alisema, "Wametukataa?" na sauti ya Kiplimo ikajibu kwa unyonge, "Lakini jana walikubali!"

"Hatujawakataa," Bethwel alisema. "Gesi imevuja kwenye stoo yangu. Nimefunga mtungi na hewa inatoka, lakini sitaki mtu aingie mpaka fundi afike. Kosa ni langu. Fundi alikuwa ameacha matundu ya chini, nikayaziba kwa simenti kwa sababu ya baridi. Mpangaji wangu akaniambia niangalie mpira, nikamwambia baada ya Jumamosi. Naona aibu, lakini afadhali mniseme mkiwa wazima."

Mzee Kipkurui aliegemea fimbo yake. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Matundu ya chini," alisema mwishowe.

"Ya chini."

"Karibu na sakafu?"

"Karibu na sakafu, mzee."

"Mapana hivi?" Alionyesha kwa viganja.

"Hivyo hivyo."

Mzee Kipkurui akatoa simu mfukoni, akampa Bethwel mgongo, akampigia mkewe. "Esnah! Sikia. Zile nyumba zetu za kupangisha, yale matundu niliyoziba... Ndiyo, yale waliyolalamika yanaingiza baridi. Chukua nyundo... Hapana, sijalewa, hata hatujaingia! Chukua nyundo, Esnah, toboa. Sasa hivi. Waambie wafungue madirisha."

Aliporudisha simu, mtu fulani nyuma yake alicheka, akajaribu kukifanya kicheko kikohozi, ikashindikana. Halafu ni Kiplimo aliyecheka, kwa sababu ya faraja zaidi kuliko kitu kingine, na baada ya hapo hakuna aliyejizuia, hata Sally, aliyekuwa amefunika uso kwa leso.

"Bethwel," Mzee Kipkurui alisema, "tutakaa wapi?"

Walikaa kwenye nyasi kando ya majani chai, turubai likahamishiwa huko, na viti vikasafirishwa mkono kwa mkono. Bogonko aliitwa, akaja kwa pikipiki na mfuko wake wa vyombo. Aliangalia ukuta wa stoo, akamwangalia Bethwel, akaangalia ukuta tena.

"Mzee, nilikuambia nini?"

"Uliniambia."

"Mpangaji akija analeta sufuria yake na kitanda chake. Mtungi, mpira, bomba, matundu, hivyo ni vya mwenye nyumba. Yeye hawezi kukutobolea ukuta. Anaweza tu kukuambia, na wewe uende uone siku hiyo hiyo."

"Aliniambia," Bethwel alisema. "Nikamwambia ni maharagwe yake."

"Na sikuwa na maharagwe!" Bitutu alisema kutoka kwenye nyasi. "Watu wa Mogogosiek, mnasikia? Sikuwa na hata moja!"

"Mama Duke, nakuomba radhi mbele ya wakwe. Ulisema kweli, na mimi ndiye niliyekufunga mdomo."

"Nimesikia," alisema. Kisha, kwa sababu hakuwa mtu wa kukaa na hasira wakati kuna wageni, akaongeza, "Lakini mwezi ujao nitachemsha maharagwe, na hutaniuliza."

Nyundo ya Bogonko ikaanza kugonga. Vipande vya simenti vilidondoka na mwanga ukaingia stoo kwa chini. Alipaka povu la sabuni kwenye mpira, na pale ulipokuwa umevutwa karibu na kibano, povu likajaa mapovu yanayovimba na kupasuka. Alikata mpira ule akautupa, akafunga mpya na kibano kipya, na kusema kwamba mtungi wenyewe ungehamia nje, chini ya paa dogo na wavu, wiki hiyo, na kwamba stoo ni ya majembe.

Sally ndiye aliyevitoa vibuyu. Alivipanga mbele ya wageni, akasimama nyuma yake, na watu wakaona vitatu havikuwa na kamba.

"Hivi vimeshafunguliwa," alisema, akitazama mbele. "Kuna paka amepita."

"Paka mkubwa?" Mzee Kipkurui aliuliza.

"Ana suti."

Akammiminia kikombe. Yule mzee alinywa, na Bethwel aliona mikono ya Sally ikishika leso kwa nguvu. Mzee alinyoosha kikombe tena, na walioketi karibu naye wakaanza kunyoosha vyao kabla hajamaliza.

Sally alipopata nafasi ya kupumua alimvuta mumewe pembeni, kati ya safu mbili za chai.

"Kwa hiyo wiki nzima ulidhani ni maziwa yangu."

Bethwel alijua hakuna njia ya kukataa. "Nilidhani."

"Na ukanyamaza."

"Ningesemaje?"

Sally alichuma jani moja, akalikunjakunja. "Mimi nilidhani mikono yangu imezeeka," alisema. "Nilikaa naiangalia usiku. Nikasema sasa nitampa Fancy nini, kama hata maziwa yamenikataa."

Bethwel aliushika mkono wake mmoja, ulionuka moshi na maziwa, na wakasimama hivyo mpaka mtu alipoita kutoka uani.

Alikuwa Bitutu. "Mzee! Fundi amesema amemaliza. Chapati zimebaki nusu na wageni wana njaa. Niwashe?"

"Bado!" Bethwel alijibu. "Usiwashe mpaka nione mwenyewe."

Chini ya turubai Mzee Kipkurui alikuwa ameinuka na fimbo yake. Alikuwa tayari kuanza mazungumzo ya ng'ombe. "Bethwel," aliita, "tunakungoja wewe!"

"Ningojeeni kidogo, mzee."

Akaenda stoo, akachukua bakuli la sabuni kutoka kwa Bogonko, akapiga magoti kwenye sakafu yenye vumbi la simenti na suti yake ya koito, akafungua valvu. Alipaka povu kwenye kibano, kisha kwenye kichwa cha mtungi, kisha pale bomba linapoingia ukutani, na kila mahali alingoja, uso karibu, akiangalia kama kuna povu linalovimba. Bogonko alitaka kusema kwamba alishaangalia, akaona afadhali anyamaze. Bethwel alirudia kila kiungo mara nyingine. Kisha akainua kichwa.

"Washa, Mama Duke."

Upande wa pili wa ukuta kitufe kiligeuka, na Bitutu akapaza sauti kwamba moto umeshika, wa buluu, na kwamba atakayetaka chapati aje na sahani yake.